Mkono Usiomwamini Mtu

Risasi ilikuwa mchangani chini ya meza ya usalama, na mimi ndiye niliyeiona kwanza. Mwanzo nilidhani ni kifuniko cha chupa ya manukato kilichomponyoka mtu. Nilipoinama nikaiona ncha yake ya shaba, nikasimama wima upesi na kuiweka mikono yangu mbele ya tumbo, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.

"Kuna risasi hapa," nilisema. "Si yangu."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama ni yangu. Hilo nililitambua baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani, likanikera njia nzima mpaka nilipofika Bongwe.

Uwanja wetu ni machimbo ya mawe yaliyoachwa, upande wa bara, ukishayapita mashamba ya Mkongani. Pande tatu kuna kuta za udongo mwekundu zilizo ndefu kuliko nyumba, na risasi ikitoka huzama humo. Huko ndiko tunakofanyia mazoezi ya mchezo wetu wa shabaha. Mchezaji hukimbia kutoka kituo hadi kituo na bastola mkononi, hulenga vibao vya karatasi na vya chuma, na saa inamhesabia. Mtazamaji huona mbio tu. Sisi tunajua kwamba mbio huja mwisho. Kwanza, mdomo wa bastola haugeuki nyuma hata kwa bahati mbaya. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho liwe juu ya shabaha. Na hakuna silaha yenye risasi uwanjani ila ya yule aliyeamriwa na msimamizi kuijaza. Wengine wote bastola zao ziko kiunoni, tupu.

Meza ya usalama ni meza ya mbao iliyoelekea ukuta. Ndipo mahali pekee ambapo mtu anaruhusiwa kuitoa bastola yake bila amri, aifute vumbi au aipange vizuri kwenye mkanda. Kwa sababu hiyo risasi hazipakaribii kabisa, hata moja iliyosahaulika mfukoni. Basi risasi ile ilikuwa na maana moja tu: mmoja wetu alisimama na silaha iliyojaa mahali ambapo sisi sote tulikuwa tumelegeza mabega.

Mwalimu wetu alikuja akaitazama bila kuiokota. Alikuwa mzee wa Kiduruma aliyestaafu kazi ya sare, masharubu yake meupe yamepunguzwa sawasawa, shati limepigwa pasi hata siku za mazoezi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wetu na ndiye aliyetufundisha sote.

"Ya nani?" aliuliza.

Asubuhi ile tulikuwa wachache. Alikuwepo fundi wa mashine za boti kutoka Msambweni, mwanamume mpole asiyependa maneno. Alikuwepo dada mmoja wa kutoka bara, mhasibu katika hoteli moja ya Diani. Na mimi.

"Mwalimu, mimi leo hata sijafika kwa hiyo meza," alisema yule dada. "Aki msiniangalie hivyo."

Fundi alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mifuko," Mwalimu alisema. "Kila mtu amwage vitu vyake hapa mbele yangu."

Tulimwaga. Sote tulikuwa tukinunua risasi za aina moja katika duka moja la Mombasa, kwa hiyo ile ya mchangani ingeweza kuwa ya yeyote kati yetu. Ilipofika zamu ya fundi, alimimina vitu vyake vyote isipokuwa kijifuko cheusi cha zipu alichokuwa amekifumbata.

"Hiki kina mambo yangu ya nyumbani," alisema.

"Kifungue."

Fundi alitupa mgongo, akamfungulia Mwalimu peke yake. Mwalimu alichungulia, akatikisa kichwa, akamrudishia. Mazoezi yakavunjwa. Risasi ile Mwalimu akaitia mfukoni mwa shati, akatwambia twende tukajihoji kila mtu na nafsi yake.

Mimi sikujihoji. Nilikwisha kuamua kwamba ni fundi.

*

Sikuingia katika mchezo huu kwa kupenda mchezo. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, na siku moja, mchana kweupe, nilivamiwa. Kijana mmoja aliniwekea bastola shingoni wakati wenzake wakikusanya walivyotaka. Niliweza kuuona mkono wake kwenye kioo cha kabati la rangi. Kidole chake kilikuwa juu ya kifyatulio na kilikuwa kinatetemeka. Sikuogopa kwamba ataniua kwa kukusudia. Niliogopa kwamba atapiga chafya.

Baada ya hapo niliomba kibali cha kumiliki silaha. Nilihojiwa, nikachunguzwa mpaka ukoo wetu wa Gazi, na nilipokipata kibali nikatafuta mtu wa kunifundisha ili kidole changu kisije kikawa kama kile.

Majirani hawakulipokea vizuri. Mwanamke wa buibui mwenye bastola, katika pwani hii, si jambo la kupita hivi hivi. Wifi yangu alikuja kunywa chai, na alipokwisha kuniuliza habari za watoto, za duka na za mgongo wangu, akasema, "Wifi, watu wanauliza huko bara unakwenda kufanya nini na wanaume kila Jumamosi."

"Kujifunza kutoua mtu," nilimjibu.

Alinitazama kama niliyemdanganya. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Kwa muda mrefu Mwalimu hakunipa risasi hata moja. Nilishika bastola tupu nikaelekea ukuta, na yeye akasimama nyuma ya bega langu.

"Mdomo ukutani. Kidole nje. Toa magazini. Vuta nyuma. Tazama ndani. Sasa tia kidole kidogo uguse, kwa maana jicho huona linachotaka kuona."

Nilifanya.

"Tena."

Nilifanya tena, na tena, mpaka kiganja kikaota sugu. Siku moja, kwa kuchoka, nilivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola kwanza, ndipo nikatoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachokaa ndani ya mpini. Mwalimu aliupiga ukingo wa meza kwa kofi.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa risasi, Mwalimu."

"Kama ingekuwa imejaa, umetoa moja na umeingiza nyingine. Magazini bado ilikuwa ndani, ikapandisha ya pili. Sasa magazini unayo mkononi, unajisifu, na humo ndani kuna risasi inakusubiri. Magazini kwanza, kisha vuta. Ukigeuza utaratibu, bora usingefanya lolote."

Kisha alisema maneno ambayo sijawahi kuyasahau. "Mama, bastola ni mwongo. Ikikwambia iko tupu, usiisadiki. Mtu akikwambia iko tupu, usimsadiki, hata akiwa mimi. Na wewe mwenyewe ukijiambia iko tupu, hapo ndipo usisadiki kabisa. Sitaki ukumbuke haya. Kukumbuka hushindwa mtu akichoka, akiogopa, akiwa na haraka. Nataka mkono ufanye wenyewe."

Nyumbani nilifanya mazoezi kila alasiri, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, risasi zote zimefungiwa ndani ya sefu chumba kingine, na mimi nimeelekea ukuta wa mawe ambao nyuma yake hakuna mtu. Mume wangu alikuwa akipita ukumbini akisikia vyuma vikilia.

"Unafanya nini humo ndani siku zote?" aliniuliza.

"Natoa risasi."

"Si umesema haina risasi?"

"Ndiyo."

"Sasa unatoa nini?"

Nilirudi ndani nikaanza tena. Akanishuku, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyomshuku mwenzake aliyeanza kuzungumza peke yake. Alinitazama nikinyunyiza dawa ya mbu na akaona kidole changu cha shahada kimenyooka ubavuni mwa chupa, hakitaki kubonyeza mpaka niwe tayari. Dukani mteja alinipa drili anionyeshe ilivyoharibika, nikaigeuza mdomo ukutani na kuchomoa betri kabla sijamsikiliza. Mteja akacheka. Mimi sikuwa nimeamua kufanya vile. Mkono ulikwenda wenyewe, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba Mwalimu alikuwa ameniwekea kitu ndani ya mwili wangu.

*

Baada ya ile risasi mazoezi yalirudi, lakini hayakuwa yale. Zamani tukimaliza tulikaa chini ya turubai tukala mahamri na mbaazi, tukacheka makosa yetu. Sasa kila mtu alikula akiwa amesimama, mgongo umeegemea gari lake. Yeyote akiikaribia meza ya usalama, macho yote yalimfuata. Nilianza kufika mapema ili nione fundi anateremka na nini. Kijifuko cheusi kilikuwepo kila mara. Wakati mwingine alikuwa akitoweka nacho nyuma ya gari, kisha akarudi ameteremsha shati.

Nilimwambia Mwalimu faraghani. "Yule fundi ana kitu."

"Najua alicho nacho," alisema. "Si hicho unachokishuku."

"Basi ni nani?"

Alinikazia macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Labda ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeiona kwanza. Wewe ndiye uliyesema si yako kabla hujaulizwa."

Nilipandwa na hasira, nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilizitoa risasi zangu zote nikazitandaza kitandani na kuzikagua, na mume wangu aliposimama mlangoni kunitazama nilimfungia mlango.

Na Mwalimu mwenyewe alikuwa amebadilika. Alikuwa mkali zaidi, lakini ukali wake ulikosa mahali pa kutua. Siku moja alimfokea yule dada wa hotelini kwamba amemhamishia miwani. Miwani ilikuwa juu ya kofia yake. Dada alimwonyesha kwa kidole, na sisi tuliokuwa karibu tukajifanya kutazama mbali, kwa heshima. Siku nyingine alisimama katikati ya amri. "Jaza, jiandae," alimwambia fundi, kisha akanyamaza na ile saa mkononi mpaka fundi akageuza uso kidogo kumtazama. Nilidhani anatutega. Kila alilofanya siku zile nililiona ni mtego.

Yule dada ndiye aliyechoka wa kwanza. Jumamosi moja hakuja. Nilimpigia simu.

"Mimi nishatoka," alisema. "Siwezi kuwa mahali kila mtu ananicheki mikono kama mwizi. Kazini pia nachekiwa. Wikendi nataka kupumzika."

"Lakini hakuna aliyesema ni wewe."

"Hakuna aliyesema si mimi," alijibu.

*

Shindano la Mombasa lilikuwa limekaribia siku bastola yangu ilipokwama. Hewa ya chumvi ya kwetu inakula chuma hata ukikipaka mafuta, na sehemu ya juu ya bastola ilikuwa inarudi kwa shida. Tulikuwa watatu tu uwanjani: Mwalimu, fundi na mimi. Jua lilikuwa limeanza kuchoma.

"Acha hiyo," Mwalimu alisema. "Tumia yangu leo."

Alikwenda kwenye meza ya usalama, akatupa mgongo, akaitoa bastola kiunoni. Nilisikia chuma kikivutwa, kisha nikasikia magazini ikichomoka. Sauti hizo nimezisikia mara nyingi kuliko sauti ya mlango wangu, na kuna kitu ndani yake kilinikwaruza masikioni, ila sikukitambua. Aliiweka bastola mezani, mdomo umeelekea ukuta, akarudi nyuma kunipisha.

"Chukua. Iko tupu. Jizoeze kuchomoa na kulenga, uujue uzito wa kifyatulio chake."

Nataka kueleza vizuri kilichopita akilini mwangu. Nilimsadiki. Alikuwa ametoka kuikagua mbele yetu. Alikuwa mzee, alikuwa mwalimu wangu, na tangu ile siku ya kunishuku nilikuwa na hamu ya kumwonyesha kwamba mimi namheshimu hata kama yeye haniamini. Kumkagulia silaha yake papo hapo, mbele ya mtu mwingine, ni sawa na mgeni kunusa chakula alichoandaliwa. Niliamua, kwa akili yangu timamu, kwamba sitaikagua.

Mkono haukuniuliza. Ulipoigusa bastola, kidole kilinyooka ubavuni. Kidole gumba kikabonyeza mahali pa magazini ingawa magazini haikuwepo. Mkono wa kushoto ukapanda juu ukavuta nyuma.

Risasi ikaruka. Iligonga ubao wa meza, ikaviringika, ikasimama penye mwanya wa mbao.

Kama ningefuata maneno ya Mwalimu, sasa hivi ningekuwa nimelenga ukuta na kubonyeza. Labda risasi ingezama udongoni. Labda ingegonga jiwe na kuturudia, na fundi alikuwa amesimama ubavuni kwangu.

"Nani ameitia hiyo?" Mwalimu aliuliza.

Alimtazama fundi. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake sikuujua.

"Wewe. Umekuja nayo mkononi."

"Mwalimu, ndiyo kwanza nimeishika."

"Nimeitoa mimi mwenyewe! Mmenisikia! Nimevuta, nikatoa magazini, mmesikia wote wawili!"

Hapo ndipo nikakitambua kilichonikwaruza. Fundi naye alikitambua wakati ule ule, kwa maana alichuchumaa akachungulia chini ya meza. Kulikuwa na risasi nyingine mchangani, mpya, inang'aa. Hakuigusa. Aliielekeza tu.

"Mwalimu," alisema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "bastola ilikuwa kiunoni mwako tangu ulipofika. Hakuna mwingine aliyeigusa. Ulivuta kwanza."

Mzee alifungua mdomo. "Magazini kwanza," alisema. "Magazini kwanza, kisha..." Akasita. Alitazama viganja vyake, kimoja kisha kingine, halafu akanitazama mimi. Alikuwa ananisubiri nimwambie.

"Kisha vuta," nilisema.

"Kisha vuta," alirudia.

Na hapo nikaielewa ile risasi ya mwanzo. Siku ile napo alikuwa amefika na silaha iliyojaa, na alikuwa amevuta kwanza. Ile tuliyoiona mchangani ndiyo iliyoruka. Ya pili ilipanda chemba, tayari kufyatuka, na mzee akairudisha bastola kiunoni, akazunguka nayo kati yetu akipekua mifuko yetu. Hakuna aliyefikiri kumwomba afungue wa kwake.

*

Fundi aliendesha gari la Mwalimu, mimi nikafuata nyuma na la kwangu. Bastola tuliifungia ndani ya sanduku lake, tupu. Fundi aliikagua, nikaikagua na mimi.

Mke wa Mwalimu alitupokea uani. Alikuwa mama mnene mwenye leso ya kanisani kichwani, na alipomwona mumewe anateremka upande wa abiria alielewa kitu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Ameanguka?"

"Hakuanguka. Hakuna aliyeumia."

Mzee alipita akaingia ndani bila kutuaga. Mama alituletea viti, tukamweleza, na yeye akatusikiliza akikunja na kukunjua pindo la leso.

"Ananishuku," alisema hatimaye. "Mimi, mkewe wa ujana. Eti namfichia funguo, namhamishia miwani, nawapa watu vyombo vyake. Amebadilisha kufuli la stoo ili nisiingie, kisha yeye mwenyewe hajui ufunguo uko wapi. Nami, nisiwafiche, nilianza kumshuku yeye. Anaondoka asubuhi kwenda hapa dukani tu, anarudi jua limepinda. Nikasema, mzee huyu ana mwanamke." Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho. "Kumbe alikuwa anapotea njia."

Haikwisha siku ile. Alipoambiwa aiache silaha alikataa. Alinipigia simu akaniambia kwamba mimi na fundi tumepanga njama, kwamba tunautaka uwanja, kwamba risasi ile niliificha mkononi kama mchawi wa mazingaombwe. Aliyasema kwa ufasaha mpaka usiku mmoja nilijiuliza kama si kweli. Mkewe alimpeleka hospitali, wakamweleza ugonjwa wake ni wa kusahau na kwamba hautarudi nyuma. Mama aliuficha ufunguo wa lile sanduku ndani ya gunia la mahindi, na kwa mara ya kwanza mzee alikuwa anamshuku kwa haki.

Kisha asubuhi moja simu ililia nikiwa dukani nampimia mteja misumari.

"Ni mimi," Mwalimu alisema, sauti ile ya zamani. "Leo najijua. Njooni mnichukue kabla sijabadili nia."

Tulikwenda naye kituo cha polisi, fundi na mimi. Alivaa shati la pasi. Afisa kijana aliyekuwa kaunta alilipokea sanduku kwa adabu, akauliza kama silaha ina risasi.

"Iko tupu," Mwalimu alisema.

Kijana akainamisha kichwa kuanza kuandika.

"Umeangalia?" mzee aliuliza.

"Mzee, si umesema iko tupu?"

"Nimesema. Nakuuliza kama umeangalia."

Kijana aliona haya, akaiangalia, mdomo ukutani, kidole nje. Mwalimu alimfuata kwa macho hatua kwa hatua. Alipotosheka aligeuka akatoka, na hakuitazama tena ile bastola aliyoishi nayo.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kumfikisha kwake, fundi alisimamisha gari njiani, akatoa kile kijifuko cheusi, akakifungua mapajani. Kulikuwa na sindano na dawa za kisukari.

"Nilijua unanishuku," alisema. "Niliogopa mkijua mtasema mgonjwa hafai kushika silaha. Mwalimu aliniambia nisijali, mradi nile kwa wakati."

"Na wewe ulimshuku nani?"

"Wewe," alisema bila kusita. "Uliinama haraka mno."

Tulicheka, lakini si sana.

Nilimpigia yule dada wa hotelini nikamwambia yote. Alisema maskini Mwalimu, akasema amefurahi kujua. Nikamwomba arudi. "Hapana," alisema. "Nimepata kuogelea."

Sasa sheria ya uwanjani ni kwamba hakuna asiyekaguliwa. Mimi ndiye msimamizi siku nyingi, na kabla sijamtazama mtu yeyote, fundi hunitazama mimi. Wapya hushangaa wakiona msimamizi amesimama mikono juu kama mshukiwa. Hatuwaelezi sana.

Mwalimu huletwa na mkewe mara moja moja. Tunamwekea kiti nyuma kabisa ya mstari, kivulini, na vizuizi vya masikio kichwani. Kuna siku anatutambua na kututania. Kuna siku hatutambui, anamuuliza mkewe watu hawa ni nani na wana silaha za nini, na mama humtuliza kwa kumshika bega. Siku hizo mzee haondoi macho yake juu yetu mpaka tumalize. Hatazami nyuso. Anatazama mikono.